Hifadhidata Nje ya Saraka Yake: Historia ya Tatizo na Mafunzo Yake kwa Maktaba za Bukavu

1.0 Utangulizi

Mtu akihama nyumba bila kuaga, wageni wake huendelea kubisha hodi kwenye mlango wa zamani. Nyumba mpya inaweza kuwa imara na pana kuliko ile ya kwanza, na mwenyewe akawa ndani, mzima. Lakini kwa yule anayebisha, mtu huyo amepotea. Hali kama hiyo huzipata data zinazohamishwa kutoka katika saraka ambamo programu imezoea kuzitafuta. Data zipo, diski ni nzima, na hata hivyo seva hugoma kuwaka, au huwaka na kuonyesha hazina tupu.

Tatizo hili kwa kawaida huachiwa mafundi. Makala haya yanakusudia kulitazama kama suala la kihistoria. Hoja zinazojadiliwa ni tatu. Kwanza, dhana ya mahali pa kawaida pa data haikuletwa na kompyuta. Hazina za maneno na za nyaraka zilikwisha kuhama na kuwapotea wasomaji wake muda mrefu kabla. Pili, vizuizi vinavyomkabili anayeweka hifadhidata mahali pengine havikubuniwa siku moja. Vimerundikana tabaka juu ya tabaka tangu mwaka 1969, na kila tabaka lina sababu yake. Tatu, katika mji kama Bukavu, kuhamisha data si utundu bali mara nyingi ni lazima, na kwa hiyo ujuzi wa kuzihamisha bila kuzipoteza ni sehemu ya kazi ya mtafiti wa lugha kama ulivyo ujuzi wa kurekodi sauti au kunakili matini.

2.0 Hazina zilizohama kabla ya kompyuta

Wanafunzi wa Kiswahili hawana haja ya kwenda mbali kutafuta mfano. Kamati ya Lugha iliyoundwa tarehe 1 Januari 1930 ili kusanifisha Kiswahili katika Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar ilianzia kazi yake Dar es Salaam, Frederick Johnson akiwa katibu wake. Mwaka 1942 makao yake yalihamishiwa Nairobi. Mwaka 1952 yakapelekwa Makerere. Katika miaka ya kwanza ya 1960 yalikuwa Mombasa, kisha yakarudi Dar es Salaam, na mwaka 1964 Kamati ikageuka kuwa Chuo cha Uchunguzi wa Lugha ya Kiswahili. Chuo hicho ndicho kilichokuja kuitwa TUKI, na tangu mwaka 2009 ni TATAKI. Jarida lake nalo lilibadili jina zaidi ya mara moja kabla ya kuitwa Kiswahili.

Katika safari zote hizo kazi ya msamiati iliendelea, hadi Kamusi ya Kiswahili Sanifu ilipotolewa mwaka 1981. Lakini mtafiti anayefuatilia kumbukumbu za Kamati hawezi kutosheka na jina moja wala na mji mmoja. Akitafuta TUKI katika nyaraka za mwaka 1950 hatapata kitu, ingawa taasisi ilikuwapo. Kinachomwezesha kufika ni kwamba kila hatua ya uhamisho iliandikwa na kuchapishwa. Hazina ilihama, na anwani ikahama pamoja nayo.

Upande wa Kongo unatoa mfano wa kinyume. Katika miezi iliyotangulia uhuru wa tarehe 30 Juni 1960, nyaraka nyingi za utawala wa kikoloni zilisafirishwa kwenda Ubelgiji. Tangu hapo, mwanahistoria wa Kivu amelazimika kusoma habari za milima inayoonekana dirishani pake katika vyumba vya Brussels. Isitoshe, mji wenyewe ulibadili jina: nyaraka za miaka ya 1930 na ya 1940 zinauita Costermansville, si Bukavu. Anayefungua faharasa kwenye herufi B peke yake atadhani kwamba mji haukuwapo. Hapa nyaraka hazikuangamia. Kilichokatika ni uzi unaoziunganisha na msomaji.

Mifano hii miwili inatosha kuweka msingi wa mjadala. Kuhama kwa hazina si msiba. Msiba ni kuhama bila kumbukumbu ya uhamisho.

3.0 Asili ya mahali pa kawaida

Mpangilio wa saraka unaotumiwa leo na seva nyingi unatokana na mfumo wa Unix, ulioanzishwa na Ken Thompson na Dennis Ritchie katika maabara za Bell, Marekani, mwaka 1969. Katika mfumo huo saraka zote ni matawi ya mti mmoja wenye mzizi mmoja, na diski mpya haionekani kama kitu cha pekee bali hupachikwa kwenye tawi mojawapo. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 diski ya kwanza ya mfumo ilijaa, na baadhi ya programu zikahamishiwa diski ya pili, iliyokuwa ya mafaili ya watumiaji, chini ya tawi liitwalo /usr. Vizazi vilivyofuata vilikuta mgawanyo huo na kuuona kuwa ni wa asili, hali chanzo chake kilikuwa ufinyu wa nafasi. Tukio hili dogo lina funzo kubwa: kile kinachoitwa leo mahali pa kawaida, jana kilikuwa mahali pa dharura.

Mwaka 1970 Edgar Codd, mtafiti wa kampuni ya IBM, alichapisha makala iliyoweka msingi wa hifadhidata za kimahusiano. Moja ya hoja zake kuu ilikuwa kwamba mtumiaji wa data asilazimike kujua jinsi zilivyopangwa ndani ya mashine. Aulize swali, apate jibu; habari za faili gani, diski gani na mpangilio gani zisimhusu. Wazo hilo lilileta manufaa makubwa, na mradi wa Ingres wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, ulioongozwa na Michael Stonebraker na Eugene Wong katika miaka ya 1970, ulisaidia kulithibitisha kwa vitendo. Mradi uliofuata wa Stonebraker, Postgres, ulianza mwaka 1986, na mwaka 1996 ukapata jina la PostgreSQL. MySQL nayo ilitolewa mara ya kwanza mwaka 1995.

Hata hivyo, ahadi ya Codd ilikuwa kwa msomaji, si kwa mtunzaji. Msomaji akiondolewa mzigo wa kujua mahali, mzigo huo haupotei. Humwangukia mtu mwingine. Maktaba nyingi zilinunua au kupewa mifumo kwa imani kwamba hakuna haja ya mtu yeyote kujua data zinakaa wapi, na zikatambua kosa la imani hiyo siku ya kwanza ya diski kujaa.

Jitihada za kupatana juu ya mahali zilikuja baadaye. Mwishoni mwa miaka ya 1980 baadhi ya mifumo ya Unix ilianza kutenga tawi la /var kwa ajili ya vitu vinavyobadilika-badilika, ili programu zisizobadilika zikae peke yake. Mwezi Februari 1994 watumiaji wa Linux walitoa kiwango cha kwanza cha mpangilio wa saraka, na kiwango hicho kikaendelezwa kwa ajili ya mifumo mingine ya jamii ya Unix. Ndiyo maana leo MySQL inayosakinishwa kutoka katika mkusanyo wa Linux huweka data zake katika /var/lib/mysql. Lakini mapatano hayo hayakuwa kamili. PostgreSQL huwekwa katika /var/lib/pgsql kwa wafuasi wa Red Hat, na katika /var/lib/postgresql kwa wafuasi wa Debian. Na anayeijenga mwenyewe kutoka katika msimbo wake huelekezwa /usr/local/pgsql/data. Kwa hiyo neno kawaida lazima lifuatwe na swali: kawaida ya nani? Mashine moja yaweza kuwa na nakala mbili za programu ileile, kila moja ikiwa na kawaida yake, na data zikawa kwa mmoja huku maswali yakipelekwa kwa mwingine.

4.0 CDS/ISIS na daftari la njia

Kabla ya seva hizo kuenea, maktaba na vituo vya nyaraka vingi vya Afrika vilijifunza hifadhidata kwa programu ya UNESCO iitwayo CDS/ISIS. Toleo lake la kompyuta ndogo lilitoka mwaka 1985 na kusambazwa bila malipo kwa taasisi zisizo za biashara. Lilifanya kazi katika kompyuta za uwezo mdogo, lilikubali rekodi zenye sehemu zisizo na urefu maalumu, na miongozo yake ilipatikana kwa Kifaransa pia. Kwa vyuo vya Kongo sifa hizo hazikuwa ndogo.

Katika CDS/ISIS suala la mahali lilikuwa wazi kuliko lilivyo leo. Programu ilipoamka ilisoma faili dogo la maandishi liitwalo SYSPAR.PAR, lililokuwa na mistari yenye namba, na kila mstari ulitaja njia ya kufikia kitu fulani: menyu, ujumbe, mafaili ya muda. Mstari wa 5 ulitaja saraka ya data. Aliyetaka kuhamisha data aliubadili mstari huo. Zaidi ya hayo, kila hifadhidata iliweza kuwa na faili lake lenye tamati ya PAR, lililoeleza kwamba rekodi kuu ziko hapa na faharasa iko pale.

Hatari ilitokana na ukweli kwamba hifadhidata moja haikuwa faili moja. Rekodi zenyewe zilikaa katika faili lenye tamati ya MST. Faili la XRF lilionyesha kila rekodi ilipo ndani ya MST. Mengine yalibeba maelezo ya sehemu za rekodi na faharasa ya maneno. Aliyenakili MST peke yake kwenye disketi, akiona kwamba ndilo kubwa kuliko yote, alibeba mwili bila mifupa. Makosa ya aina hiyo hayakufa pamoja na CDS/ISIS. Katika DSpace, mfumo wa hazina za vyuo uliotolewa mwaka 2002 na chuo cha MIT kwa kushirikiana na kampuni ya Hewlett-Packard, maelezo ya tasnifu hukaa katika hifadhidata, kwa kawaida PostgreSQL, ilhali tasnifu zenyewe hukaa katika saraka nyingine kabisa ya mafaili. Anayehamisha kimoja na kusahau kingine hubaki na orodha ya vitabu visivyokuwapo, au na lundo la vitabu visivyo na majina.

Ubora wa SYSPAR.PAR ulikuwa huu: mtu yeyote aliyejua kusoma aliweza kulifungua na kuona data ziko wapi. Lilikuwa daftari la njia. Mifumo iliyofuata ilipata nguvu nyingi, lakini daftari lake likagawanyika kurasa, na kila ukurasa ukawekwa chumba chake.

5.0 Vizuizi vya seva za kisasa

Anayeweka MySQL, MariaDB au PostgreSQL katika saraka isiyo ya kawaida hukutana na vizuizi ambavyo vyafaa kutazamwa kwa mpangilio wa kuzaliwa kwake.

5.1 Usanidi

Kizuizi cha kwanza ni cha anwani. MySQL husoma faili la usanidi liitwalo my.cnf, lakini hulitafuta mahali kadhaa kwa zamu, na agizo la baadaye hufuta la awali. Anayebadili faili la kwanza huku la pili likisema vingine hufanya kazi bure. Katika Debian, PostgreSQL huweka usanidi katika saraka ya /etc, mbali na data; kwingine usanidi hukaa pamoja na data zenyewe. Aidha, kuna mlango ambao programu za mashine ileile huutumia kuzungumza na seva, nao huwakilishwa na faili la pekee. Katika mikusanyo ya jamii ya Red Hat, mlango huo wa MySQL ulizoea kuwa ndani ya saraka ya data. Saraka ikihamishwa na mlango ukahama nayo, seva huwaka vyema mahali papya huku programu za wasomaji zikibisha mlango wa zamani na kupewa kosa namba 2002. Mtunzaji asiyejua hudhani seva imekufa, akaizima na kuiwasha mara kumi, hali tatizo haliko kwa seva hata kidogo.

5.2 Umiliki na ruhusa

Kizuizi cha pili kina umri wa Unix yenyewe. Kila faili lina mwenyewe, na seva ya hifadhidata huendeshwa kwa jina la mtumiaji maalumu asiye na madaraka mengine. Haitoshi mtumiaji huyo kuimiliki saraka ya data; ni lazima pia awe na haki ya kupita katika kila saraka iliyo juu yake hadi kwenye mzizi. Chumba chaweza kuwa chake, lakini ukumbi ukifungwa hakifikiki. Kosa linalotokea hapa ni namba 13, ambalo maana yake ni kunyimwa ruhusa. Lisichanganywe na namba 2, ambalo maana yake ni kwamba hakuna faili wala saraka kama hiyo. Namba hizi mbili zinatenganisha tatizo la haki na tatizo la anwani, na asiyezisoma hutibu ugonjwa usiokuwapo.

Mkato unaopendwa na wengi ni kufungua ruhusa zote kwa watu wote. Historia ya programu hizi inaonyesha kwamba waundaji wake waliuona mkato huo na kuuziba. PostgreSQL hukataa kuwaka iwapo saraka ya data ina ruhusa kwa watu wengine. Hadi toleo la 11, lililotoka mwaka 2018, haikukubali hata kikundi cha mwenyewe kusoma. MySQL nayo hulipuuza faili la usanidi linaloweza kuandikwa na kila mtu. Basi anayefungua milango yote kwa kukata tamaa hujiongezea kosa jipya juu ya lile la kwanza.

5.3 Walinzi wa mfumo

Kizuizi cha tatu ni cha karne hii, nacho ndicho kinachowakanganya zaidi waliojifunza Unix ya zamani. Mwezi Desemba 2000 idara ya usalama wa taifa ya Marekani ilitoa hadharani SELinux, utaratibu unaokipa kila faili lebo na kila programu mipaka, bila kujali nani ni mwenyewe. Mwaka 2003 uliingizwa katika kiini cha Linux. Ubuntu nayo ilichagua AppArmor, na tangu mwaka 2008 MySQL yake imewekewa orodha ya njia ambazo seva inaruhusiwa kuzigusa. Kwa hiyo mtunzaji anaweza kuweka umiliki sahihi na ruhusa sahihi, na bado akapata kosa namba 13. Haki za kawaida zimetimia. Mlinzi mwingine, asiyeonekana katika orodha ya mafaili, ndiye aliyekataa. Kwa upande wa MariaDB, huduma yake katika Linux za leo huwekewa agizo la kutoona saraka ya /home, hivi kwamba data zilizowekwa humo ni kama hazipo.

Hata amri mbili zinazodhaniwa kuwa sawa zina matokeo tofauti hapa. Faili linalohamishwa chini ya SELinux kwa kawaida hubaki na lebo yake ya zamani. Linalonakiliwa hupata lebo ya mahali papya. Fundi wawili wanaweza kufanya kazi ileile kwa siku moja, mmoja akafaulu na mwingine akashindwa, kila mmoja akaapa kwamba amefuata maelekezo.

Ushauri wa kumfukuza mlinzi kabisa husikika mara nyingi. Ni ushauri wa mtu anayeng'oa mlango kwa sababu ufunguo umepotea. Njia iliyo sahihi ni kumjulisha mlinzi anwani mpya: kuipa saraka mpya lebo ya data za seva, au kuiongeza katika orodha ya njia zinazoruhusiwa.

5.4 Diski isiyounganishwa

Kizuizi cha nne ni hatari kuliko vyote, kwa sababu hakitoi kelele. Data zikiwa katika diski ya nje, saraka inayoonekana katika mti ni mahali pa kupachikia tu. Diski isipounganishwa kwa wakati, saraka hiyo huwa tupu. Seva nyingine hugoma, na hiyo ni heri. Lakini mahali palipowekwa utaratibu wa kuanzisha hifadhidata mpya kila inapokosekana, hazina mpya tupu huundwa papo hapo, na wasomaji hukuta maktaba isiyo na kitabu. Diski ya kweli ikiunganishwa baadaye, mambo huvurugika zaidi. Kwa sababu hiyo waandishi wa PostgreSQL wamewahi kushauri kwamba data zisiwekwe moja kwa moja mahali pa kupachikia, bali katika saraka ndogo ndani ya diski. Diski isipokuwapo, saraka hiyo ndogo nayo haipo, na seva hukataa badala ya kudanganya.

Kuna jambo lingine linalohusu diski za nje zinazouzwa madukani. Nyingi hupangwa kwa ajili ya Windows, na mpangilio wa FAT hauna nafasi ya kuandika mwenye faili kwa jinsi ya Unix. Amri ya kubadili mwenyewe haiwezi kutekelezwa humo. Diski kama hiyo yafaa kubebea nakala, haifai kuwa makazi ya seva.

6.0 Hali ya Bukavu

Mafunzo haya yana uzito wa pekee Bukavu. Mji huu una taasisi nyingi za elimu kwa ukubwa wake: Institut Supérieur Pédagogique, iliyoanza mwaka 1961, Université Catholique, Université Officielle, Université Evangélique en Afrique, na katika Kabare kituo cha Lwiro, kilichokuwa makao ya taasisi ya utafiti ya IRSAC iliyoundwa mwaka 1947. Kazi za mwisho wa masomo, rekodi za Kiswahili cha Kivu, maneno ya Kimashi, Kihavu, Kifuliiru na Kilega, hadithi na majina ya mahali: yote hayo ni data. Nyingi haziwezi kukusanywa upya, kwa kuwa msimulizi aliyefariki harudii hadithi yake.

Sababu za kuziweka data nje ya saraka ya kawaida zinajulikana na kila anayefanya kazi katika mji huu. Kompyuta nyingi hupokewa zikiwa zimetumika, na diski yake ya ndani ni ndogo. Umeme hukatika, ingawa mto Ruzizi wenye mabwawa yake uko mlangoni; seva inayozimika ghafla inaporudi hukuta diski ya nje bado haijaunganishwa. Na zaidi ya yote kuna historia ya mji. Bukavu ilivamiwa Oktoba 1996. Ikatekwa na wanajeshi waasi Juni 2004. Ikatikiswa na tetemeko la ardhi tarehe 3 Februari 2008. Februari 2025 wapiganaji wa M23 wakaingia. Katika nyakati kama hizo kinachookolewa ni kile kinachobebeka. Mtunzaji anayeweka data katika diski inayoweza kutiwa mfukoni hafanyi kosa la kiufundi. Anafikiri kwa busara.

Lakini busara hiyo haitimii bila maandishi. Katika taasisi nyingi mahali pa data hujulikana na mtu mmoja. Mtu huyo akikimbia, akihamishwa au akifa, warithi wake huwasha mashine, hukuta hazina tupu, na kwa nia njema huanzisha hifadhidata mpya mahali pa kawaida. Diski yenye data za miaka kumi hukaa kabatini bila jina, hadi siku itakapofutwa ili itumike kwa jambo jingine. Huo ndio upotevu wa kweli: hauletwi na vita wala na umeme, bali na ukosefu wa ukurasa mmoja wa karatasi.

Kutokana na historia iliyoelezwa, utaratibu wa kushughulikia hitilafu unajipanga wenyewe. Kwanza, asianzishe mtu hifadhidata mpya kabla ya kujua ya zamani iko wapi, na nakala itolewe kabla ya hatua yoyote. Pili, isomwe kumbukumbu ya seva, na namba ya kosa itenganishwe: ni ya anwani au ya haki? Tatu, ikiwa seva inawaka, iulizwe yenyewe inatumia saraka gani. Jibu lake ni la kuaminika kuliko faili lolote la usanidi. Nne, njia nzima ikaguliwe kwa jina la mtumiaji wa seva, si kwa jina la msimamizi mkuu, kwa kuwa msimamizi hafungiwi milango inayowafungia wengine. Tano, walinzi wa mfumo waulizwe. Sita, kila kilichobadilishwa kiandikwe, pamoja na tarehe, na karatasi ihifadhiwe mbali na mashine.

7.0 Neno kuhusu istilahi

Ugumu wa kueleza mambo haya kwa Kiswahili haupaswi kupuuzwa. Kompyuta yenyewe imewahi kuitwa ngamizi na tarakilishi. Maneno saraka, hifadhidata na usanidi yanaeleweka kwa waliosoma Tanzania au Kenya. Bukavu, ambako mafunzo hutolewa kwa Kifaransa na maongezi ya karakana huchanganya Kiswahili na Kifaransa, hayajazoeleka vivyo hivyo. Istilahi ikipungua, maelekezo ya uhamisho huachwa bila kuandikwa kwa sababu mwandishi hajui aandikeje. Ni afadhali ukurasa wenye Kiswahili cha karakana kuliko ukurasa usioandikwa. Hata hivyo, kazi ya idara za Kiswahili ni kuhakikisha kwamba fundi wa Bukavu na mwenzake wa Dodoma wanaweza kusomeana maelekezo.

8.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba mahali pa kawaida pa data ni zao la historia: diski iliyojaa mwanzoni mwa miaka ya 1970, mapatano ya mwaka 1994, walinzi waliowekwa tangu mwaka 2000. Anayehama kutoka hapo havunji sheria ya maumbile, bali analazimika kuarifu kila tabaka lililojengwa juu ya mazoea: usanidi, umiliki, walinzi, na utaratibu wa kuunganisha diski. Tabaka moja lisipoarifiwa, mengine yote hayafai kitu.

Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Kamati ya Kiswahili ilihama mji baada ya mji na haikupotea, kwa kuwa uhamisho wake uliandikwa. Idara na maktaba za Bukavu zinaweza kuanza na jambo dogo: karatasi moja iliyobandikwa ndani ya kabati ya seva, na nakala yake kwa mkuu wa idara, ikitaja saraka ya data, diski ilipo, siku ilipohamishwa na jina la mtumiaji wa seva. Karatasi hiyo haigharimu umeme wala fedha. Ni SYSPAR.PAR ya wakati huu, na mtu yeyote ajuaye kusoma anaweza kuifungua.